Maharagwe Makavu na Raha ya Tumbo
Maudhui yetu ya leo ni maharagwe makavu, chakula chenye kutia nguvu na cha bei nafuu, ambacho wengi hukihofia kwa kuwa huwajaza riahi tumboni.

Sababu ni kwamba maharagwe yana sukari za aina ambayo utumbo mwembamba wa mwanadamu hauwezi kuisaga, basi hushuka hadi utumbo mpana, na huko vijidudu huzichachua na kuzigeuza hewa.

Dawa yake ni subira. Mpishi na ayachague, ayaoshe, kisha ayaroweke katika maji mengi tangu jioni hata asubuhi, yaani kwa muda wa saa 8 hadi 12. Kukicha ayamwage maji hayo, kwani yamekwisha chukua sehemu ya sukari zile, ayasuuze, na ayateleke kwa maji mapya.

Yachemke kwa nguvu dakika 30 za mwanzo, kwa kuwa maharagwe mabichi, hususan mekundu, yana sumu isiyoondoka kwa moto hafifu. Ndipo moto upunguzwe hadi yapondeke baina ya vidole. Nyanya, ndimu na ukwaju vingoje yalainike kwanza, maana uchachu huchelewesha kuiva. Magadi huyalainisha upesi, lakini huharibu vitamini B1.

Asiyeyazoea na aanze kwa kiasi kidogo. Nanyi wazazi, tunawasihi: msiwalishe watoto maharagwe yasiyoiva barabara.