Taa Inapozimika Fundi Akiwa Kazini
Nakala ya mazungumzo kwa wenye maduka na karakana, Kabiria



Fundi cherehani wa hapa Kabiria huinama juu ya mshono jioni. Mikono inasogea kidogo tu, kichwa kimetulia. Ghafla taa inazimika, na mashine ya stima haingoji. Anapunga mkono hewani kama anayesimamisha matatu, taa inawaka. Dakika chache baadaye ni yale yale. Wateja hucheka, lakini sindano ikitoboa kidole hakuna anayecheka.

Taa za sensa zina kazi yake. Chooni, kwenye ngazi na koridoni, huokoa tokeni. Shida huanza zinapofungwa mahali watu wanakaa kitako.

Sensa ya kawaida haioni mtu. Huhisi joto la mwili linapohama kutoka upande mmoja hadi mwingine. Anayeikatiza mbele huonekana upesi, anayeielekea moja kwa moja huchelewa, na aliyetulia ni kama hayupo. Joto hilo halipenyi kioo wala nguo zilizotundikwa. Ipo aina nyingine, ya mikrowevu, ambayo hupenya mbao nyembamba; ndiyo maana taa ya duka hata likiwa tupu huwaka jirani akipita koridoni.

Dawa ya kwanza ni rahisi. Sensa nyingi zina vitufe vidogo vya kuzungusha: TIME ni muda wa taa kuwaka, LUX ni kiasi cha giza, SENS ni wepesi wa kuhisi. Mara nyingi muda huachwa kwenye sekunde chache za majaribio. Ukiongezwa hadi dakika kumi hivi, malalamiko mengi huisha. Yasipoisha, taa ya juu ya mashine iwekewe swichi ya kawaida na sensa ibaki kwenye ngazi. Mtu asipande stuli na bisibisi mkononi kabla ya stima kuzimwa. Hizo ni volti 240, na kazi ya nyaya ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA.

Kwa wanaosimamia mahali pa kazi, hili si hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inadai mwanga wa kutosha kila mahali watu wanapofanya kazi au kupita, ngazi zikiwemo. Penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama, na taa ni ajenda halali kabisa.

Wasio na kamati wamwandikie msimamizi au landilodi. Asiposikia, lalamiko hupelekwa kwa kurugenzi ya usalama na afya kazini, ambayo ni ya serikali ya kitaifa. Kulipeleka City Hall ni kupoteza nauli. Barua itaje chumba, saa, na taa huzimika mara ngapi kwa saa moja.