Mikono ya Vyondo Vyetu

(Maneno yaliyosomwa na karani wa chama katika mkutano wa mwaka)



Tumetakiwa kueleza habari za kazi ya vyondo, nasi tumechagua kusema juu ya mikono yake tu, maana huko ndiko tulikopata hasara. Dazeni mbili za vyondo zilirudishwa na mwenye duka mmoja wa mjini. Msuko ulikuwa imara, wala rangi hazikuchujuka. Lakini mikono ilichomoka vilipotiwa viazi. Akina mama walioketi majuma mengi wakisokota katani mapajani hawakupata kitu, na daftari yetu yashuhudia.

Tulipovitazama tuliona sababu. Mkono wa ngozi ulikuwa umeshonwa kwenye safu ya juu kabisa. Uzito wote basi ulining'inia kwenye nyuzi chache za ukingo, na ngozi ikazikata kama kisu.

Bibi zetu hawakufanya hivyo. Katika Ukambani na Ugikuyu kiondo kilichukuliwa mgongoni, mkanda ukipita kwenye paji la uso. Kabla ya mkonge kuletwa Tanganyika mwaka 1893 na kufika kwetu baadaye, nyuzi zilitoka kwenye magome ya vichaka, na kwa Wakamba hata kwenye mbuyu. Mama mzee wa chama hiki alituonyesha mkanda wake: umeshonwa ubavuni tangu ukingoni hata chini, ukapita chini ya kitako na kupanda upande wa pili. Mzigo haukuning'inia, ulipakatwa.

Hatuichukii ngozi. Tangu miaka ya 1970, vyondo vyetu vilipoanza kupendwa sana ng'ambo, wanunuzi hutaka mkono wa ngozi wa kutundika begani, na mjini hutaka mifupi miwili ya kushika mkononi. Twasema tu kwamba ngozi ishuke vidole vinne chini ya ukingo, itiwe kiraka cha ngozi upande wa ndani, na ishonwe kwa uzi uliopakwa nta, mishono ikipishana kama msalaba. Asiyetaka ngozi na asuke katani mikunjo mitatu, kisha auzungushie uzi wa rangi mahali pa kushika. Shanga na simbi ni pambo zuri, lakini zikae kwenye shina la mkono. Zikiwekwa penye kiganja huumiza, na uzi wake hukatika upesi. (Kiondo kimoja kilitupendeza sana mpaka tulipokibeba toka sokoni.)

Liko jambo jingine, nalo si la kushona. Fundi wa ngozi hulipwa siku ile ile anapomaliza mkono. Mama aliyesuka mwili wote hungoja mpaka kiondo kiuzwe, na kikirudishwa, hasara ni yake peke yake. Hatumlaumu fundi, kwa kuwa ndivyo tulivyopatana naye. Lakini twaomba Halmashauri inunue misharasi minne, nta na ngozi, ili akina mama watie mikono wenyewe.

Vyondo viwili viko hapa mezani, kimoja cha mtindo uliorudishwa na kimoja cha mama mzee, kila kimoja kina kilo nane za mahindi. Tafadhalini, viinueni kabla ya kupiga kura.