Hajavunjika, Lakini Goti Halimshikilii: Ligamenti na Miezi Tisa ya Kupona Kwashemshi

Mhadhara wa umma

Picha ya eksirei imetoka safi. Mfupa wa paja ni mzima, muundi ni mzima, pia ya goti iko mahali pake. Kijana aliyeumia uwanjani Jumapili anaambiwa hajavunjika, anafungwa bandeji, anapewa dawa za maumivu na kurudi nyumbani Kwashemshi, Korogwe, juu ya bodaboda. Wiki tatu baadaye uvimbe umeshuka na kutembea anatembea. Anaingia tena uwanjani, anageuka kumkwepa beki, na goti linamwachia. Safari hii linaweza kuharibika zaidi ya lilivyoharibika mwanzo.

Eksirei huonyesha mifupa, ligamenti haizioni. Hapo ndipo matibabu ya goti hukosea njia mapema, Handeni na Korogwe kama ilivyo sehemu nyingine nyingi za nchi. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba sehemu kubwa ya kupona kwa ligamenti hufanyika nje ya chumba cha upasuaji. Hufanyika kwa mikono inayojua kupima, kwa misuli inayofanyishwa kazi na kwa muda unaoheshimiwa. Vyote vitatu vinaweza kupatikana katika kata kama Kwashemshi, iwapo mfumo wa afya utaamua kuvifikisha huko.

Goti lina ligamenti kubwa nne. Mbili ziko pembeni, ya ndani na ya nje, nazo huzuia goti lisipinde upande. Mbili nyingine zimepishana katikati: ya mbele huzuia muundi usichomoke kwenda mbele, ya nyuma huuzuia usisukumwe kinyume. Mtu aliyekulia kati ya mashamba ya mkonge ya Korogwe ataelewa haraka akiambiwa kwamba ligamenti ni kamba ya katani, nyuzi nyembamba zisizohesabika zilizofungwa pamoja, ambazo huweza kukatika chache au zote kwa mpigo. Ile ya mbele ina urefu wa sentimita 3 hivi tu. Hata hivyo, vipimo vya maabara vilivyochapishwa Marekani mwaka 1991 vilionyesha kwamba ligamenti ya kijana hustahimili mvuto wa takribani nyutoni 2,160 kabla ya kukatika, sawa na kuning'iniza mzigo wa zaidi ya kilo 200.

Nguvu hiyo yote hushindwa na mguu wa mchezaji mwenyewe. Karibu mara saba katika kumi, ligamenti ya mbele hukatika bila mchezaji kuguswa na mtu. Anakimbia, anakanyaga ili ageuke, unyayo unabaki chini huku mwili ukienda upande mwingine, na goti linaingia ndani. Wengi husikia mlio. Ndani ya saa chache goti hujaa, kwa sababu ligamenti iliyokatika huvuja damu ndani ya kiungo. Uvimbe wa haraka namna hiyo, baada ya mlio, ni dalili nzito kuliko maumivu yenyewe.

Mpira wa miguu ndio unaotajwa kwanza, ila netiboli isisahaulike. Kanuni zake humtaka msichana adake mpira hewani, atue na kusimama karibu papo hapo bila kukimbia na mpira. Ni vigumu kubuni jaribio kali zaidi kwa ligamenti ya mbele. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba wanawake huumia ligamenti hiyo mara mbili au zaidi ya wanaume katika michezo inayofanana. Miezi kabla ya Kombe la Dunia la Wanawake la 2023, Uingereza ilikuwa imewapoteza Beth Mead na Leah Williamson, na Uholanzi ilimkosa Vivianne Miedema, wote kwa jeraha hilohilo. Katika shule zetu, ambako netiboli ni mchezo mkubwa wa wasichana kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, jambo hili halizungumzwi vya kutosha.

Bodaboda ina majeraha yake. Dereva akigonga kitu kwa mbele, muundi husukumwa nyuma na ligamenti ya nyuma huchanika. Ajali ikiwa kubwa, ligamenti mbili au tatu huondoka pamoja na goti lenyewe kuteguka. Hapo pana hatari ambayo kila mtu wa kijijini anapaswa kuijua. Mshipa mkubwa wa damu hupita nyuma ya goti, na goti likiteguka mshipa huo unaweza kukatika au kuziba. Unyayo ukiwa wa baridi, umepauka au hauna mapigo, muda uliopo ni saa sita hadi nane tu kabla ya mguu kuanza kufa. Mgonjwa huyo asichuliwe wala asisubiri kesho. Apelekwe hospitali usiku huohuo.

Kwa wengine, ambao ni wengi zaidi, siku za kwanza si za haraka namna hiyo, ila zina makosa yake. Kukanda goti bichi kwa maji ya moto na kulichua kwa nguvu huongeza damu na uvimbe. Kosa jingine hufanyika kwa upendo: ndugu humwekea mgonjwa mto chini ya goti ili apumzike. Goti linalolala limekunjwa wiki nzima husahau kunyooka, na goti lisilonyooka kabisa humfanya mtu achechemee miaka. Mto uwekwe chini ya kisigino, goti lining'inie lenyewe na kunyooka kwa uzito wake. Kitambaa kilicholowa maji baridi, bandeji isiyobana sana, mguu kuinuliwa, na kukaza misuli ya mbele ya paja mara nyingi kwa siku: hayo yanatosha kuanzia, na hakuna hata moja linalohitaji dawa ya gharama.

Halafu kije kipimo. Kipimo bora cha kwanza cha ligamenti ya mbele hufanywa kwa mikono. Goti hukunjwa kidogo, kama nyuzi 20 au 30, mkono mmoja hushika paja, mwingine huvuta muundi mbele, na mpimaji husikiliza kama kuna mwisho mgumu au muundi unateleza tu. Kinaitwa kipimo cha Lachman, kwa jina la John Lachman wa Philadelphia, na kilielezwa kwenye jarida la tiba mwaka 1976. Hakihitaji umeme. Tabibu wa kituo cha afya anaweza kujifunza kukifanya vizuri akielekezwa na kupewa magoti ya kutosha ya kujaribia. Picha ya MRI ina kazi yake, hasa pale daktari anapotaka kujua hali ya gegedu na kupanga upasuaji, ila mtu asirudishwe uwanjani kwa sababu tu MRI iko mbali.

Je, kila ligamenti iliyokatika ishonwe? Ya pembeni ya ndani kwa kawaida hupona yenyewe kwa wiki kadhaa, ikilindwa isipinde upande. Ya mbele ni tofauti: imezungukwa na ute wa kiungo, damu haigandi vizuri kati ya ncha zake, na mara nyingi haiungani. Ndiyo maana madaktari wamehangaika nayo tangu mwaka 1895, Arthur Mayo Robson alipomfanyia upasuaji mchimba makaa mmoja mjini Leeds. Inafaa ikumbukwe kwamba mgonjwa yule hakuwa mwanamichezo. Alikuwa kibarua aliyehitaji goti ili arudi kazini, kama mkata mkonge anayeinama na kubeba mafungu kutwa, au mama anayeshuka mtoni na kupanda na ndoo kichwani.

Leo ligamenti haishonwi kama zamani. Hutengenezwa mpya kutokana na kano ya mgonjwa mwenyewe, kwa matundu madogo na kamera. Lakini si kila mtu anaihitaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 na Richard Frobell na wenzake wa Sweden uliwagawa vijana 121 waliokatika ligamenti ya mbele katika makundi mawili. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji mapema na mazoezi. Jingine lilianza na mazoezi, upasuaji ukisubiri wenye kuuhitaji. Baada ya miaka miwili makundi yote yalikuwa na hali inayolingana, na katika lile la pili walioishia kufanyiwa upasuaji walikuwa 23 kati ya 59. Hadi mwaka wa tano walifikia nusu. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022, wenye wagonjwa 316 ambao magoti yao yalikuwa yamekaa muda mrefu bila kutulia, ulileta jibu jingine: hao walinufaika zaidi na upasuaji. Tafiti hizo hazigombani. Zikisomwa pamoja zinasema mazoezi yaanze kwa wote, na goti linaloendelea kumwachia mtu lisivumiliwe, kwa kuwa kila linapomwachia huweza kuchana gegedu, na gegedu likiisha halirudi. Kwa wastani nusu ya waliochanika ligamenti ya mbele au gegedu huwa na ugonjwa wa kulika kwa kiungo miaka 10 hadi 20 baadaye. Aliyeumia akiwa na miaka 19 anaweza kuwa na goti la mzee kabla hajafika 40, na shamba bado linamsubiri.

Aliyefanyiwa upasuaji na asiyefanyiwa hukutana katika njia moja ya mazoezi, na hapo ndipo Kwashemshi ina kila kitu. Kwanza goti linyooke kabisa na uvimbe uishe. Kisha misuli ya paja iamshwe, maana goti lililovimba huizima na paja hukonda ndani ya wiki mbili. Baiskeli ni dawa nzuri sana ya hatua hii. Baadaye kuchuchumaa ukiegemea ukuta, kupanda na kushuka jiwe au ngazi kwa mguu mmoja, kubeba ndoo ya mchanga ukiinama kwa nyonga, kusimama kwa mguu mmoja huku mwenzako akikurushia mpira. Kukimbia mstari ulionyooka huja mwezi wa tatu au wa nne kwa wengi. Kugeuka kwa kasi huja mwisho. Na malengo yawe ya mtu huyu: anayesali anataka kuketi na kusujudu, wote wanataka kuchuchumaa chooni, na mkulima anataka kushuka mteremko akiwa na mzigo. 

Kwa aliyewekewa ligamenti mpya kuna kipindi cha hadaa. Kano iliyopandikizwa hufa kwanza, kisha mwili huijenga upya, na kati ya wiki ya 6 na ya 12 hivi huwa dhaifu kuliko siku ilipowekwa. Huo ndio wakati mwenyewe anapojisikia amepona. Utafiti wa Norwei wa mwaka 2016 uliwafuatilia wagonjwa 106 na kukuta kwamba kila mwezi mmoja wa kuchelewa kurudi uwanjani, hadi mwezi wa tisa, ulipunguza kuumia tena kwa takribani nusu. Beki Virgil van Dijk aliumia tarehe 17 Oktoba 2020 kwenye mechi dhidi ya Everton na hakucheza ligi tena hadi Agosti 2021, akiwa na madaktari wa Liverpool pembeni yake kila siku. Hakuna sababu ya kijana wa mechi za ndondo kuharakishwa kurudi kwa miezi mitatu kwa sababu timu ina fainali.

Miezi peke yake haitoshi, kipimo kiwepo. Mchezaji aruke kwa mguu mzima mara moja, apimwe kwa futi, kisha aruke kwa mguu ulioumia. Akifikia angalau asilimia 90 ya umbali wa mguu mzima, tena bila goti kuingia ndani, amekaribia. Uwanja wa vumbi unatosha kwa hilo. Hofu nayo ina nguvu yake: kwa tafiti zilizokusanywa mwaka 2014, asilimia 81 ya waliofanyiwa upasuaji walirudi kwenye mchezo wa aina fulani, ila waliorudi kwenye mashindano walikuwa asilimia 55. Kocha anayemcheka mchezaji anayesita anamrudisha nyuma.

Suala la fedha haliwezi kukwepwa. Klabu ya Azam imewahi kuwapeleka wachezaji wake hospitali ya Vincent Pallotti, Cape Town. Mkazi wa Kwashemshi anaanzia zahanati, anapanda hadi hospitali ya Magunga mjini Korogwe, kisha hospitali ya Bombo mjini Tanga. Kwa upasuaji wa goti macho huelekea Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya 1996, au hospitali ya KCMC ya Moshi, na kote huko ni zaidi ya kilomita 200. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi 6 kwa mwaka, uliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Wanaopanga kitita cha huduma watafanya jambo la maana wakihesabu ziara za fiziotherapia kwa miezi tisa kuwa sehemu ya matibabu ya goti, sawa na upasuaji wenyewe. Upasuaji usiofuatwa na mazoezi ni fedha iliyopotea.

Ufuatiliaji wa miezi hiyo yote nao unawezekana, kwa kuwa Korogwe si ngeni katika kazi ya utafiti. Majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza 2009 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika yalikuwa na kituo chake hapa, na watoto wa Korogwe ni miongoni mwa waliowezesha Shirika la Afya Duniani kuipendekeza chanjo hiyo mwaka 2021. Wilaya iliyoweza kuwafuatilia watoto wengi hivyo kwa miaka inaweza kufuatilia magoti ya wachezaji na waendesha bodaboda kwa mwaka mmoja.

Kinga ianze hata kabla ya hapo. Lagos, Nigeria, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulichukua vijana 416 wa timu 20. Nusu ya timu zilifanya mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+, ambayo ni kukimbia, kujenga misuli, kuruka na kutua sawasawa. Majeraha yalipungua kwa asilimia 41. Programu hiyo huchukua dakika 20 na haidai kifaa chochote zaidi ya mpira. Mwalimu wa michezo wa sekondari anaweza kuifundisha kabla ya mazoezi ya netiboli na ya mpira wa miguu, na mtaalamu wa fiziotherapia kutoka Magunga akifika mara moja kwa mwezi, atawapima walioumia, atawarekebishia mazoezi na kuandika kwenye daftari la kituo cha afya nani goti lake linanyooka, nani ameruka umbali gani, na nani apewe rufaa ya Bombo.