Nguvu Zinazolingana na Nguvu Zisizolingana

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi habari za nguvu. Si nguvu za watawala wala nguvu za dawa, bali nguvu zile zisukumazo na kuvuta vitu, ambazo kila mtu huzitumia tangu alfajiri hata usiku bila kuzitia maanani. Na kabla hatujaagana tutaonyesha ya kuwa mtu asiyezijua habari hizi aweza kupotewa na maisha yake njiani.

Tuanze na mchezo tuujuao sote, mchezo wa kuvuta kamba. Vijana wanane wako upande huu, na wanane upande wa pili. Wote wavuta, jasho lawatoka, miguu yao yachimba mchanga, na leso iliyofungwa katikati ya kamba haisogei hata shubiri moja. Je, hapana nguvu hapo? Zipo, tena nyingi; lakini za upande huu ni sawa na za upande ule, nazo zaelekea kinyume, basi zatanguana. Hizo ndizo twaziita nguvu zinazolingana. Mara kijana mmoja ateleza na kuiachia kamba. Papo hapo leso yaanza kwenda upande wa washindani wake. Sasa nguvu hazilingani, na ile iliyozidi ndiyo iliyoitia kamba mwendo.

Kadhalika mtungi uliojaa maji juu ya kichwa cha mwanamke atokaye kisimani. Uzito wauvuta chini, na kichwa chausukuma juu kwa kadiri ile ile. Kwa hiyo mtungi umetulia. Mwanamke akijikwaa, kichwa kikaondoka chini ya mtungi, uzito wabaki peke yake, na mtungi waenda chini kwa mwendo unaozidi kila dakika ya jicho, mpaka unapoigonga ardhi. Basi kitu kilichotulia si kitu kisichoguswa na nguvu. Ni kitu ambacho nguvu zake zimepatana.

Mpaka hapo hapana ugumu. Ugumu waanza kwa kitu kilicho katika mwendo. Tukiuliza, Kwa nini baiskeli husimama mtu akiacha kukanyaga? wengi watajibu, Kwa sababu nguvu zimekwisha. Wala wasione haya kwa jibu hilo, kwani Aristotle, mwenye hekima wa Uyunani wa zamani, alifundisha karibu na hayo, na watu wakamfuata kwa karne nyingi. Lakini Galileo, aliyezaliwa Italia mwaka 1564, aliviringisha mipira juu ya mbao zilizoinamishwa, akafikiri sana, akatambua ya kuwa mpira uendao juu ya mahali sawasawa, pasipo kitu cha kuuzuia, hauna sababu ya kusimama. Kisha Isaac Newton wa Uingereza aliitia habari hiyo katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1687. Maana yake ni hii: kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kitu kiendacho hubaki kikienda kwa mwendo ule ule na kwa njia iliyonyoka, mpaka nguvu isiyolinganishwa na nyingine ikibadili hali yake.

Basi baiskeli haisimami kwa kuishiwa nguvu. Yasimamishwa na upepo unaoipinga, na kwa mkwaruzo wa magurudumu na vyuma vyake. Jahazi nalo litatufunza zaidi. Nahodha apandishapo tanga katika pepo za kaskazi, chombo huanza polepole, kisha mwendo wazidi, kwa kuwa upepo wasukuma kupita maji yazuiavyo. Lakini kadiri chombo kiendavyo mbio, ndivyo maji yazidivyo kukizuia, hata nguvu hizo mbili zikawa sawa. Je, jahazi lasimama? La, lakata maji vivyo hivyo, ila mwendo wake hauzidi wala haupungui. Hili ndilo jambo la kushika: nguvu zikilingana, kilichotulia hutulia, na kiendacho huendelea kwenda. Na tanga likituliwa, chombo hakisimami papo hapo. Chaendelea, maji yakikipunguza kidogo kidogo. Ndiyo sababu nahodha mwenye akili hutua tanga mapema, kabla hajafika gatini.

Sasa tusikilizane vema. Siku moja tulisafiri katika lori lililopakiwa magunia ya mahindi, na juu ya magunia waliketi abiria. Mbuzi akakatiza njia, dereva akakanyaga breki kwa nguvu, na mzee mmoja akaruka kutoka juu, akaangukia barabarani mbele ya lori, akavunjika mkono. Abiria wakamlaumu dereva wakisema, Gari limemtupa mzee wetu. Lakini gari halikumtupa. Breki zilishika magurudumu, na barabara ikalizuia lori. Bali mzee hakuzuiwa na kitu, kwa kuwa magunia yaliteleza chini yake, wala hakuwa na mahali pa kushika. Lori lilisimama, naye akaendelea na safari yake kwa mwendo ule ule aliokuwa nao.

Tena mwendo una hesabu yake. Katika kitabu cha kanuni za barabara cha Uingereza imeandikwa ya kuwa gari liendalo maili 20 kwa saa huhitaji mita 6 kusimama tangu breki zishikapo. Na liendalo maili 40 huhitaji mita 24. Angalieni: mwendo umekuwa mara mbili, lakini nafasi ya kusimamia imekuwa mara nne! Na barabara ikilowa mvua, mkwaruzo hupungua, na nafasi hiyo huzidi mara mbili au zaidi.

Kwa hiyo twawasihi. Ninyi abiria, msikae juu ya shehena. Ketini ndani, na gari likiwa na mkanda, fungeni, kwani mkanda ndio nguvu itakayowazuia pamoja na gari. Ninyi wenye mizigo, ifungeni kwa kamba imara, maana gunia nalo hushika sheria ile ile iliyomshika mzee. Nanyi madereva, kumbukeni ya kuwa breki hulizuia gari, lakini haziwazuii watu waliomo. Wazee wetu walisema, Mwenda pole hajikwai. Na tukijikwaa, tuwe na cha kutushika.