Mkwe Kutoka Ng'ambo ya Mpaka

Boazi alipotaka kumwoa Ruthu, mwanamke wa Moabu, aliketi langoni na wazee kumi, na jambo likakatwa hadharani. Sisi wa pwani, tangu Kigombe hadi Vanga, twaoana; mpaka wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1886 ulitukuta tu ndugu. Lakini Sheria ya Uraia ya 1995 humfungulia mlango mke mgeni wa Mtanzania. Mume mgeni hupita njia ndefu ya mgeni yeyote, ijapokuwa wanawe wazaliwa hapa. Hapo twaona si haki. Basi tusimwite mvuvi huyo mpita njia. Akihitaji barua ya utambulisho, mwenyekiti wa kijiji na aiandike leo, wala asingoje kesho.