Nguo ya Ngomani na Nguo ya Kila Siku



Leo twataka kusema juu ya mavazi.

Ngoma ya beni ilizuka katika miji ya pwani, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Wachezaji wake waliiga gwaride: sare, safu, vyeo vya kijeshi, na mashindano makali baina ya vyama vya Marini na Arinoti. Vita vya 1914 hadi 1918 viliieneza bara pamoja na askari na wapagazi, na huku kandokando ya Ziwa Nyasa ikazaa mganda na malipenga, ambamo vibuyu hupulizwa badala ya tarumbeta. Mchezaji hutoka na shati jeupe, kaptula iliyopigwa pasi na soksi ndefu.

Vazi la namna hiyo halikai uwanjani tu. Kijana aliyesifiwa ngomani hulivaa tena gulioni, na hata aendapo kuposa. Shule na kazi za serikali nazo zilileta kaptula, hatukatai. Lakini shule humwamuru mtu avae, ngoma humfanya atamani kuvaa.

Je, yafaa? Kitambaa hakina dhambi. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliusia nguo nyeupe. Ila wanavyuoni wengi wamesema uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Basi kaptula isiyofunika magoti haifai msikitini wala gulioni.

Tunalolichelea zaidi ni yale mashindano yaliyoshonwa ndani ya vazi. Vyama vya ngoma vilishindana kwa sare, nasi leo twashindana kwa sare za harusi. Mkulima huuza mpunga wa mbegu ili mkewe asionekane peke yake bila kitenge cha shughuli. Asiyeweza hubaki nyumbani, naye ni jirani mwenye haki. Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, yatuamrisha kujipamba twendapo kusali, na papo hapo yakataza israfu.

Enyi wenye harusi, alikeni watu kabla ya kutaja kitambaa. Mwambieni jirani waziwazi kwamba kanga aliyo nayo yatosha, na mumketishe mbele pamoja na wenye sare.