Ihtikari ya Leo

Ihtikari tuijuayo ni ya nafaka: tajiri hufunga ghala hata bei ipande. Imamu Abu Yusuf aliipanua zaidi, akaiweka katika kila kitu ambacho kuzuiliwa kwake huwadhuru watu.

Hebu tuutazame mji wa Chattanooga, jimbo la Tennessee, huko Marekani. Shirika la umeme la mji huo, EPB, liliazimia kuwapelekea watu intaneti. Mwaka 2008 kampuni kubwa ya Comcast ikalishitaki. Kesi ikatupwa, na mwaka 2010 EPB likatoa kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde katika eneo lake lote. Mnunuzi akapata pa kuchagua.

Ukubwa si dhambi, wala udogo si ucha Mungu; wadogo nao hupunja mizani. Tunalolikemea ni kumzibia mwenzako njia ya soko.

Kwani jirani aliye nje ya mpaka wa umeme wa EPB hakupata kitu; sheria ya jimbo ilikataza, na makampuni makubwa, AT&T miongoni mwao, yakapinga isilegezwe. Mwaka 2015 Tume ya Mawasiliano ya Marekani ililiondoa katazo hilo. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ikaamua kuwa Tume haikuwa na mamlaka hayo.